Kulabu Kwenye Leso

Jumatatu, 6 Septemba 1948

Asubuhi kama kawaida. Nimechota maji. Nimefagia ua wa Bi Rukia. Nimemchongea penseli zake, moja nimeivunja. Akanitukana. Kama kawaida.

Bi Rukia huchora leso. Michoro yake huinunua Bwana Lalu, Mhindi mwenye duka la leso mjini, akaitia melini, ikaenda ng'ambo kupigwa chapa, ikarudi ni nguo. Nusu ya wanawake wa Kisauni wamejifunga mkono wa Bi Rukia viunoni na hawana habari. Mimi ndiye mwanafunzi wake. Darasa la nne niliiacha shule, au yenyewe iliniacha, hatujaelewana bado. Lakini kwa penseli hakuna anishindaye kutoka hapa Mtopanga hadi Ziwa la Ng'ombe. Nasema mimi. Nikimngoja mwingine aseme nitazeeka.

Leo nimechora waridi. Zuri, la kutaka kulinusa. Bi Rukia akalitazama.

"Ewe Karisa, waridi umeliona wapi?"

Kwenye leso, nikamwambia.

"Na aliyelichora kwenye leso, yeye kaliona wapi?"

Nikaanza kuichezea penseli.

Kaninyang'anya penseli. Nisiiguse mpaka nikatazame watu wanapata wapi riziki zao. Kuna watoao kitu ardhini, kasema, kuna wakigeuzao, kuna wakipelekao. Wallahi huwezi kumchorea mtu nguo na mchana wake huujui. Eti hiyo ndiyo adhabu. Kuzurura! Laiti mwalimu wa misheni angaliniadhibu hivi, ningalimaliza shule.

Jumanne, 7 Septemba

Nimekosea kumhadithia Baba.

Baba ni kuli bandarini Kilindini. Hurudi amechoka, hutundika kulabu yake ya kuchukulia magunia msumarini karibu na mlango, hula, hulala. Leo hakulala. Kasema, "Kama ni hivyo, huyo Bi Rukia wako amesema kweli. Yuko atoaye, yuko ageuzaye, yuko apelekaye. Mchoraji yuko wapi hapo? Mchoraji hula tu."

Mama akacheka ndani ya leso yake. Nimemwona.

Baba kanipa muda. Ikifika Jumapili ya tarehe tatu Oktoba na hakuna mchoro wangu uliochukuliwa, Jumatatu ataniamsha alfajiri twende Kilindini, keshaniombea kwa serahangi, msimamizi wa makuli. Nikamwambia asijisumbue na serahangi, mchoro utachukuliwa na yeye mwenyewe ataupakia melini kwa mgongo wake.

Nimesema hivyo kwa baba yangu mzazi. Sijui mdomo huu nilipewa na nani.

Alhamisi, 9 Septemba

Watoao.

Shamba la minazi, nyuma ya Kisauni. Wanaume wanaangua. Wanaume wengine wanafua nazi kwa kifuo, ule mti wenye ncha uliosimikwa ardhini. Wanawake wanapasua nazi na kuzianika zikauke ziwe mbata. Nilisimama kivulini nikitazama kama bwana shamba.

Mama mmoja akaniuliza, "We mwanangu, umetumwa kutuhesabu?"

Nikasema mimi ni mchora leso, natafuta mawazo.

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Wakanipa nazi na kifuo, nikatafute mawazo huko. Nazi ikanishinda. Ikachomoka, ikamkosa mbuzi kidogo tu. Kiganja kimechubuka.

Nimeona kitu lakini. Leso zao zote zimepauka mahali pamoja, pajani, wanapojifutia mikono. Waridi la Bi Rukia limekuwa doa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona waridi lenyewe. Nimewauliza.

Jumamosi, 11 Septemba

Wakigeuzao.

Nimedandia lori la mbata hadi Changamwe. Dereva aliniona, akajifanya hakuniona. Mtu mwema.

Kinu cha mafuta. Harufu hunata nywele. Wanaume wanang'aa kama maandazi. Mbata inaingia huku, mafuta yanatoka kule, makapi yanakwenda kwa ng'ombe. Niliuliza maswali mengi mpaka msimamizi akaniuliza baba yangu ni nani, kwa sauti ile ya kumtafuta mtu wa kumshitaki.

Haya ndiyo niliyoyapata. Meli isipokuja, mafuta hulala, kinu hufunga mlango. Kinu kikifunga, mbata hainunuliwi na mtu. Mbata isiponunuliwa, yule mama aliyenicheka hanunui leso. Asiponunua, Bwana Lalu haagizi, na Bi Rukia hukaa na penseli zake. Yaani nikivunja penseli Mtopanga, sababu yaweza kuwa meli iliyochelewa sijui bahari gani.

Jambo hili limenipendeza kupita kiasi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikilieleza. Nyuma ya lori hapakuwa na mtu mwingine, nikayaeleza magunia matupu.

Jumatatu, 13 Septemba

Wapelekao.

Nimempelekea Baba mihogo aliyoisahau. Nikasimama nje ya uzio.

Sikumtambua. Alikuwa miguu miwili chini ya gunia. Gunia likashuka, ndipo nikamwona ni yeye. Akachomeka kulabu kwenye gunia jingine, akalivuta, akainama tena. Kuna mtu pembeni alikuwa akipiga kelele za haraka-haraka.

Sikupenda. Basi.

Alhamisi, 16 Septemba

Penseli imerudi mkononi. Nimechora! Leso nzima ya makuli. Makuli na magunia yao pindo zote, na katikati, kwenye mji wa leso, kuli mmoja mkubwa. Kifua cha Baba. Bi Rukia kaomba kuuona mchoro, nimekataa. Ataushangaa dukani pamoja na wengine.

"Kiburi hicho," kasema.

Naam, ndicho.

Ijumaa, 17 Septemba

Ningekuwa na shimo ningeingia.

Leso haichorwi yote. Huchorwa robo, na kule ng'ambo robo hiyo hugeuzwa-geuzwa kama sura kiooni mpaka nguo itimie. Bi Rukia alinieleza siku ya kwanza kabisa. Siku ya kwanza nilikuwa nikimtazama kasuku wake.

Bi Rukia kanipeleka kwa Bwana Lalu. Duka lilijaa wanawake. Nikautandaza mchoro kwa mbwembwe. Bwana Lalu akatoa vioo vyake viwili, akavisimamisha kandokando ya karatasi, akatazama. Akatazama tena. Akawaita wale wanawake nao watazame.

Pindo la juu makuli wamesimama. Pindo la chini wananing'inia miguu juu, magunia yametangulia. Na yule mkubwa wa katikati, niliyemtia kifua cha Baba, amekuwa wanne. Wawili wananing'inia kwenye nyayo za wawili wengine.

"Kijana," kasema Bwana Lalu, "hawa makuli ama popo?"

Wanawake! Vicheko vyao bado viko masikioni. Bi Rukia hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumapili, 19 Septemba

Sikwenda kanisani. Nimesema tumbo. Baba kauliza tumbo au popo. Habari imevuka daraja la Nyali kabla yangu.

Jumatano, 22 Septemba

Sikuomba radhi. Nilikwenda tu, nikachota maji mara mbili ya kila siku. Bi Rukia alielewa.

Nimefikiri hivi. Mtu ana kichwa na miguu, ukimgeuza anaanguka. Kitu cha kazi hakianguki. Kulabu ukiigeuza ni kulabu. Mbili zikielekeana zinakuwa kama jani, nne zinakuwa ua. Ua! Na kifuo hivyohivyo, ncha juu, ncha chini, pindo limekamilika. Nimejaribu kwa kioo cha Bi Rukia. Mchoro unang'aa, unazunguka, hakuna anayening'inia.

Bi Rukia akakishika kioo muda mrefu. "Sasa umeliona waridi lako," kasema. Halafu kaniambia nifagie, nisivimbe kichwa. Nimechelewa kuambiwa.

Jumamosi, 25 Septemba

Bwana Lalu kakataa.

Vioo havikumpa kosa, akalitafuta mwenyewe. Nani atajifunga kulabu ya kuli? Mwanamke anataka kusahau kazi, kasema, si kuivaa. Toa kulabu, tia tausi, nitachukua leo hii.

Leo hii! Wiki moja kabla ya siku ya Baba. Nilikuwa na penseli sikioni. Tausi namjua kumchora macho yamefumbwa.

Nikamwambia, "Bwana Lalu, tausi gani aliyekula mbata?"

Akasema sielewi biashara. Nikamwambia naielewa vizuri, nimeifuata kwa lori. Nikakunja karatasi yangu nikatoka. Kichwa kilikuwa juu.

Njiani kurudi Bi Rukia, niliyekwenda naye, kaniita mkaidi, punda, na mtoto wa watu asiyejua njaa. Tulipofika darajani akasimama. Kisha akasema yeye huyo tausi kamchora tangu utotoni mwangu, na hajawahi kumpenda hata siku moja.

Jumatatu, 27 Septemba

Bi Rukia kanihadithia. Bibi yake hakungoja meli. Alikata papai bichi katikati, akachonga ua, akachovya rangi, akagonga kwenye merikani, kile kitambaa cheupe cha pamba. Hiyo ndiyo iliyokuwa leso.

Kwetu mapapai mabichi yamejaa. Nimechonga kulabu moja na kifuo kimoja. Rangi ni masizi na utomvu wa mgomba. Kila mtoto wa hapa amechapwa kwa sababu ya doa la mgomba, kila mama anajua halitoki. Basi lisitoke!

Nguo ndiyo sina.

Jumanne, 28 Septemba

Mama katoa merikani yake. Ile aliyoiweka ashonewe gauni la Krismasi. Nikakataa, nikasema nikiharibu je?

"Ukiharibu nitavaa la mwaka jana," kasema. "Gonga."

Sijawahi kuogopa kitambaa. Leo nimeogopa.

Alhamisi, 30 Septemba

Sikuharibu. Kuna kulabu moja imelala upande, sitasema ipi.

Mama kajifunga kaenda sokoni. Amerudi amechelewa, uso umemchangamka. Wanawake walimzunguka. Walimshika kiuno, wakamgeuza kama sanamu ya nguo dukani. Na leso haina jina lililoandikwa, herufi zilinishinda kuchonga kinyumenyume, kwa hiyo wameitia jina wenyewe. Wanaiita Karudi Salama.

Sikufahamu. Kulabu na salama wapi na wapi?

Mama kanitazama kama mtu mzima anavyomtazama kuku. Kasema mume akiwa bandarini, mke hana amani, meli huangusha vitu. Hujui amekuwaje mpaka jioni, usikie kulabu inagonga msumari mlangoni. Ndipo unapopakua chakula. Kila mke wa kuli anaijua sauti hiyo.

Mimi niliichora kwa kuwa inazunguka vizuri tu. Hili sitamwambia mtu.

Jumamosi, 2 Oktoba

Wamekuja. Mke wa jirani kwanza, kisha wawili kutoka Kiembeni, kisha yule mama wa shambani aliyenipa nazi! Kila mmoja na merikani yake kichwani. Mmoja kaleta mayai, mwingine pishi ya mahindi.

"We mwenye mawazo," kasema yule mama, "nigongee na mimi kifuo, lakini kikubwa."

Nimegonga kutwa. Mapapai yameoza mkononi, nimechonga mengine. Bi Rukia kaja kutazama, akakaa kusahihisha, akaishia kuchovya rangi kwa mikono yake yenye hina. Ua mzima kamba na nguo.

Baba karudi jioni. Ilimbidi ainame kupita chini ya kulabu zake mwenyewe. Nikasimama nikingoja neno, nina jawabu tayari. Nikamwambia hata hivyo. Nikasema, Baba, yuko atoaye, yuko ageuzaye, yuko apelekaye, na yuko anayewaambia wote watatu kwamba wameonekana. Nami ndiye huyo.

Akashika nguo moja kwa ncha za vidole. Akaingia ndani. Kulabu ikagonga msumari. Mama akapakua.

Jumapili, 3 Oktoba

Hakuna mchoro wangu uliochukuliwa na Bwana Lalu. Ahadi ni ahadi. Nitakwenda Kilindini, na nitakwenda kichwa juu, na usiku nitagonga nguo hata kwa mkono mmoja. Nimemwambia Baba niko tayari. Kasema, "Haya, lala."

Jumatatu, 4 Oktoba

Nimeamka jua limenipiga usoni. Nyumba kimya. Nikaruka, nikadhani tumechelewa wote wawili.

Msumari hauna kitu. Mama alikuwa uani anatwanga. Nikamuuliza mbona Baba hakuniamsha. Kasema alisimama juu yangu kidogo, akaivuta shuka ikafunika mguu wangu, akaenda zake.

Nimechota maji. Nimekata papai. Kutwa nimegonga, sikio liko mlangoni.

Sasa ni jioni. Nimesikia msumari.