Kijivu cha Sebuleni

Dada yangu mpendwa,

Salamu tele zikufikie hapo ulipo, wewe, shemeji na watoto. Goti lako limekuachia? Mimi mzima, jino tu ndilo linanikera, lakini halijanizuia kuongea, kwa hiyo usinihurumie. Mwandiko nisamehe, si unajua shule niliikimbia mapema.

Sasa sogea, nina jambo. Kitinda mimba wangu, yule fundi friji ambaye hajawahi kujali hata shati lake lina rangi gani, kanijia anataka kupaka sebule. Nikamwambia tupake nyeupe tumalize. Akakataa. Kamleta fundi rangi, kampakisha viraka ukutani, hapa nyeupe, pale krimu, kule waridi, ukuta ukawa kama shuka kuukuu. Kila akitoka kazini anakaa kwenye kochi anautazama. Fundi akaniambia kwamba huyu mwanao hata mke hatamchagua hivi.

Mimi jambo likinipita silali. Nikajibanza nyuma ya pazia la chumbani. Dada! Mwanangu kanyoosha mikono mbele ya kile kiraka cheupe, anachezesha vidole kama anafukuza nzi, huku kaikodolea macho. Akahamia kwenye krimu, vilevile. Na ulimi hauna mfupa, nikamdokeza jirani yangu mshona nguo, yeye peke yake nakuapia, na jioni mtaa mzima ukawa unanipa pole kwamba mwanangu kapandwa na kichaa.

Pole zikamfikia na mwenyewe njiani. Akaingia kanuna, nikajua leo nimepatikana. Lakini hakunigombeza. Akasema kuna binti anataka kumuoa, anasaga vioo kwenye duka la miwani, hasikii tangu utotoni, anaongea kwa mikono. Ukuta mweupe unamchoma macho kwa mng'ao, kwenye krimu viganja vinamezwa, jua likishuka ndiyo haoni kabisa anachoambiwa. Kwao walimkalisha kama kabati, watu wanaongea yeye yupo tu. Kwa hiyo akiona hapa hapamfai, watapanga kwingine, na mimi nisiwalaumu.

Nikanyamaza. Ndiyo, mimi! Nikawa nawaza, akija nitaongea naye vipi? Na wakihama nitaongea na nani?

Mwisho wa wiki akamleta. Binti mchangamfu, macho hayatulii, ananichunguza kuanzia kilemba mpaka kandambili. Nikajua huyu ni mwenzangu. Fundi alikuwa ameongeza vijivu viwili. Kimoja kilielekea udongo, kikawa kama vumbi lisilofutwa. Cha pili hafifu, chenye ubaridi, na bluu kwa mbali sana, kama bati jipya likiwa kivulini. Nikadhani atasimama yeye ukutani. Wapi! Akanisimamisha mimi, akaniinua mikono, akarudi kwenye kochi kutazama. Kwenye kile cha ubaridi, mikono yangu hii iliyokomaa kwa sabuni ikaonekana mpaka kucha. Akapiga makofi. Nikauliza kwa nini mimi. Mwanangu akanitafsiria kwamba binti anasema, humu ndani atakayeongea sana ni mama, kwa hiyo mama ndiye lazima aonekane.

Basi ananifundisha. Nimeshajua chai, mvua, jirani na muongo. Juzi fundi kainama anamalizia chini, suruali imepasuka nyuma. Binti akaniambia kwa vidole, nami nikamjibu, tukacheka mpaka machozi. Fundi akageuka kuuliza kuna nini, nikamwambia hakuna mtu aliyesema kitu. Dada, umbea na mwenyewe yupo palepale!

Sasa nikukirie, maana utasikia tu. Wakwe waliuliza kama mkubwa wa ukoo wetu ameridhia. Mkubwa ni wewe, na barua ingechelewa, nikawaambia umeridhia na umefurahi sana. Usinitie aibu. Uje. Ukifika usimpigie binti kelele, kaa tu uso kwenye mwanga wa dirisha. Yeye humpa kila mtu jina la mkono. Langu ni vidole vinavyofumba na kufumbua kama mdomo usiochoka. Nilipomuuliza lako, akasema hampi mtu jina kabla hajamwona.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na goti ulipake mafuta ya moto ili safari isikushinde.

Ni mimi mdogo wako, mama mkwe mtarajiwa.