Kichwa Kisicho na Kovu

Kolwezi, 8 Juni 2025

Mama Kwizera,

Nakusalimu weye, namsalimu mtoto, na wote mnaokula sahani moja. Mimi ni mgongo tu. Mifuko ya mawe haina huruma, lakini bado nasimama. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii, na sipendi kupayuka maneno ya nyumbani mbele ya wachimbaji wenzangu.

Donatien, yule dereva wa lori, amefika huku. Nikamwuliza, "Mke wangu amepona uvimbe wa kichwa?" Akacheka: "Mke wako? Nilimwona sokoni Kavimvira, amesuka nywele kuliko bibi arusi."

Amesuka! Mtu aliyetolewa uvimbe kichwani anabaki na nywele za kusuka? Mjomba Anastase alipopasuliwa tumbo, kovu lake lilikuwa kama reli. Basi nieleze: huko Nairobi ulikosema unakwenda kutibiwa, ulikwenda kufanya nini na Abdoul-Karim, yule muuza vitambaa aliyekuposa kabla yangu?

Baba Kwizera

*

Kavimvira, 29 Juni 2025

Baba Kwizera,

Salamu zimefika. Mtoto hajambo, ameota meno mawili ya mbele, anamwuma kila mtu. Pole na mgongo.

Sikupasuliwa. Uvimbe umekaa kwenye mshipa wa sikio la kushoto, ndani sana, na dokteri alisema kisu kikifika huko kinaweza kuniharibu uso. Kwa hiyo waliuchoma kwa miali. Walinifunga fremu ya chuma kichwani kwa skrubu nne, mbili kwenye paji, mbili nyuma. Hapo nililia. Kisha nikalala ndani ya mashini kama saa moja, sikusikia joto wala maumivu. Miali ni mingi, kila mmoja dhaifu, haudhuru kitu njiani. Inakutana mahali pamoja tu, na hapo ndipo inaunguza. Jioni ile ile nilikula wali.

Lakini uvimbe hauondoki siku hiyo. Unakufa polepole, miezi, hata miaka. Desemba nirudi wapige picha, waone kama umeacha kukua.

Nililala kwa masista waliotuchangia safari. Abdoul-Karim alinifikisha, akaenda kwenye vitambaa vyake. Anajua njia na mipaka. Weye ulikuwa wapi?

Mama Kwizera

*

Kolwezi, 17 Agosti 2025

Mama Kwizera,

Huku mvua bado, vumbi ndilo tunalokula. Natumaini nyinyi mnapumua vizuri.

Barua yako nimeisoma mara nne. Niliishia darasa la sita, lakini minye si mjinga. Moto usiochoma ngozi, uvimbe usiotoka, na mwanamke anayerudi bado anayumba! Donatien anasema ulikuwa unatembea umeshika ukuta. Sasa hiyo dawa imefanya nini? Hata mganga wa uongo hukuonyesha kijiwe na kusema amekitoa mwilini mwako.

Nikiwa na mfuko begani namwona Abdoul-Karim akikushika mkono kwenye ngazi ya basi. Namwona akikununulia chai. Usiniambie hakukushika. Unayumba, ilibidi akushike, na hilo ndilo linaloniuma.

Desemba huendi. Nimemwandikia kaka yako Rénovat akae na paspoti yako mpaka minye nimwambie aitoe.

Baba Kwizera

*

Kavimvira, 5 Oktoba 2025

Baba Kwizera,

Sisi wazima, ila wasiwasi ni mwingi. Wanajeshi wanapita kila siku, na watu wa Bwegera wanaanza kushuka na magodoro, mpunga wameuacha shambani.

Rénovat amechukua paspoti. Anasema, "Dada, sitaki maneno na shemeji." Nikamwambia, "Uvimbe uko mu kichwa changu, hauko mu kichwa cha shemeji." Akatazama chini, lakini hakuitoa.

Ndiyo, alinishika. Kwenye basi, mpakani, kwenye ngazi za hospitali. Ningeanguka. Kama unaona wivu, njoo unishike weye. Safari ni tarehe nane Desemba. Kama huwezi kufika, mwandikie Rénovat mstari mmoja tu: mpe. Sina lingine.

Mama Kwizera

*

Kavimvira, 11 Januari 2026

Baba Kwizera,

Tuko hai. Mtoto anakohoa kidogo. Nimempa barua hii mtu anayejaribu kufika Kalemie kwa mashua. Ikikufikia, mshukuru Mungu.

Nilingoja mstari wako. Tarehe nane asubuhi Abdoul-Karim alikuja mlangoni, Sharifa mke wake akiwa kwenye teksi. Alikuwa anakwenda naye, nami ningeketi kati ya Sharifa na dirisha. Rénovat akasema, "Shemeji hajaandika." Sharifa akashuka akamwambia, "Weye ni kaka yake au ni mtu wa forodha?" Wapi! Paspoti hakuitoa. Wakavuka bila mimi.

Siku mbili baadaye vita viliingia hapa kwetu Uvira, na njia ya mpakani ikafungwa.

Tangu Noeli uso wangu umekufa ganzi upande wa kushoto. Chai inanimwagikia bila mimi kujua. Muuguzi anasema labda uvimbe umefura kwa sababu unakufa, hutokea hivyo. Au labda unakua. Picha tu ndiyo ingejua, na huku mashini hiyo haiko. Rénovat amenirudishia paspoti, alikuwa analia. Nimemwambia aache, kilio chake hakinisaidii.

Niambie kweli. Hukuandika kwa sababu ya vita, au kwa sababu hukutaka?

Mama Kwizera

*

Kalemie, 2 Februari 2026

Mama Kwizera,

Hali yako sikuulizi, umeshanieleza. Kazi nimeiacha. Niko hapa bandarini natafuta mashua. Wanasema zinaishia mji wa Baraka. Kutoka hapo nitatembea.

Sikutaka. Vita havikunizuia. Mstari niliuandika mara tatu, "Rénovat, mpe," na mara tatu nikauchana. Nilingoja tarehe nane ipite. Ilipopita nikapumua.

Kuna jambo jingine, afadhali ulijue kabla hujaniona. Barua yako nilipewa nikiwa kwenye foleni ya maji, nikaisoma nimesimama. Nilipofika pale uliposema wamevuka bila weye, nilifurahi. Furaha ya kweli, mpaka meno yakaonekana. Jamaa nyuma yangu akaniuliza, "Habari njema kutoka nyumbani?" Nikamjibu, "Ndiyo."

Ndipo nikageuza karatasi, nikakuta habari ya uso wako.

Baba Kwizera