Mstari wa Mutsinzi

Nyamirambo, Kigali
14 Juni 1992

Kwako wifi yangu Mugeni,

Asalaam aleikum. Salamu hizi zikufikie hapo Buyenzi wewe na mama, na zikukute lile jicho limeshapona. Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mungu. Watoto wanasoma, mvua imekatika, na kaka yako magoti bado yanamsumbua asubuhi, ila akishayakanda kwa maji ya moto anatembea kama bwana harusi.

Najua umesikia kwamba kaka yako Mutsinzi ameingia siasa. Ni kweli. Tangu vyama vingi viruhusiwe, kila chama hapa mtaani kilikuwa kikimtafuta, maana watu hawajasahau alivyokuwa beki wa timu yetu, na ile miaka aliyocheza mpira wa kulipwa Kinshasa. Mwishowe akakubali chama kimoja, wakampa kofia. Na mimi wakaniandikisha, nikapewa yangu, kubwa mno, naivaa juu ya mtandio inaniziba macho.

Wifi, walipotaka agombee nilimsihi akatae. Nilimwambia mgombea mwenzake wa sekta ya jirani, mtaa wa pili tu kutoka kwetu, amepigwa mawe na vijana wa chama kingine, na mimi sina mume wa akiba. Akacheka, akasema amepigwa mateke na washambuliaji wa nchi tatu na bado yuko. Kila nikiswali nikawa naomba ashindwe. Mungu anisamehe kama ile si dua njema.

Basi Jumapili iliyopita tukaitwa uwanjani kuchagua mwakilishi wa chama katika sekta yetu. Karatasi hakuna, unapanga mstari nyuma ya umtakaye. Wakamsimamisha Mutsinzi katikati ya uwanja, na mbele yake Nzeyimana, yule fundi cherehani mfupi, wakitazamana kama makapteni kabla ya mechi. Filimbi ikalia. Watu wakakimbilia kwa kaka yako wakiimba jina lake, mstari ukafika hadi barabarani. Kwa Nzeyimana walisimama mkewe, shemeji zake na wateja wachache.

Sasa nikuambie mwenyewe kabla hujaambiwa na wasafiri. Mimi nilikwenda kusimama kwa Nzeyimana. Wanawake wakapiga kelele kwamba mama watoto amepotea, mumewe yuko upande ule. Mwingine akauliza kama jana nilinyimwa nyama. Sikugeuka. Sikuwa na ugomvi na kaka yako, wallahi. Nilitaka tu abaki nyumbani, mzima.

Alishinda, tena vibaya. Nikarudi nyumbani nikijua leo nafunga mizigo. Akaingia, akanawa, akala. Kisha akaniambia kwamba wote waliomchagua walikuwa mgongoni kwake, hakumwona hata mmoja. Uso alioutazama ni wangu tu, kule mbele yake, nalia chini ya kofia. Akasema kazi ameshaipokea na hataiacha. Lakini kila akitaka kwenda mkutanoni atanieleza anakwenda wapi na nani, na siku nitakayokataa, hatakwenda.

Alhamisi nilikataa. Walikuja kumchukua kwa gari, wakapiga honi weee. Alivua viatu, akakaa.

Usinikasirikie, wifi. Mama msomee salamu tu, haya mengine yabaki kwetu. Watoto wanakubusu mikono, na kaka yako anasema umtumie dagaa.

Wifi yako akupendaye,
Swafiya