Kigari cha Akiru

Jumatatu, 3 Machi

Kliniki tena. Akiru ameongeza uzito. Ata, mama mkwe wangu, alimbeba mgongoni, mimi nikafuata na magongo yangu mawili. Ndivyo tunavyotembea tangu mtoto azaliwe, miezi sita sasa. Ata mbele na mtoto, mimi nyuma. Ata ni mama yake mume wangu, Ewoi. Tumemwita hivyo, yaani nyanya kwa lugha yetu, tangu alipompata mjukuu. Ana miaka sitini na kitu na anatembea kama msichana. Mimi mguu wa kulia ulikufa kwa polio nikiwa na miaka mitatu.

Muuguzi alikuwa mgeni. Alimweleza Ata habari za uji na ndizi za kuponda. Akamsifu, "Mama, umemtunza vizuri." Kisha akanigeukia, akaniuliza kama nimekuja kwa ajili ya mguu.

Ata ndiye aliyesema, "Mama mwenyewe ni yule." Muuguzi akaomba radhi mara tatu. Ikawa mbaya zaidi.

Nina wivu. Naandika hapa kwa sababu siwezi kulisema neno hili popote. Namwonea wivu mwanamke mzee kwa sababu ya mgongo wake.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshona sare saba za shule leo. Mgongo unauma.

Nikiwa nimekaa, mimi ni mama kamili. Nanyonyesha, naogesha, navisha, na nguo zote za Akiru nimezishona mwenyewe. Nikisimama tu, mikono yote ni ya magongo. Alipokuwa na miezi miwili nilijaribu kumfunga mgongoni. Hatua nne. Uzito ukanivuta nyuma, nikadaka mlango. Sikurudia.

Jioni nilimwambia Ewoi nataka kigari cha mtoto. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliuliza tu, "Kwenye mchanga huu?"

Ata alisikia akiwa nje. Akasema mtoto si kabeji ya kusukumwa.

Alhamisi, 6 Machi

Tumezunguka maduka ya Lodwar mpaka jasho likaisha mwilini. Duka moja tu lenye vigari. Viwili. Kimoja rangi ya waridi, kikapu chini, kivuli chake kimeshonewa masikio ya sungura. Nilikipenda papo hapo. Mshono wa yale masikio ulikuwa safi sana.

Ewoi aliweka ndani pakiti tatu za unga ziwe Akiru. Kwenye sakafu ya duka kiliteleza chenyewe. Tukakitoa nje. Magurudumu ya mbele, madogo kama vikombe vya kahawa, yakazama. Nikaegemea mpini ili nivute mguu. Kikainuka mbele, kikapinduka nyuma. Unga chini. Pakiti moja ikapasuka. Watu wakacheka.

Mwenye duka hakucheka. Ni mwanamke aliyehamia hapa kutoka Kitale, naye alikuwa anataka kuuza. Lakini alisema, "Dada, hiki ni cha mahali penye lami. Usikinunue." Akatueleza habari za Mkongo mmoja kule kambi ya wakimbizi ya Kakuma anayeunda baiskeli za walemavu.

Niliutazama ule unga mchangani kwa muda. Ewoi naye aliutazama.

Jumamosi, 8 Machi

Ewoi ameondoka kwenda Todonyang kutengeneza pampu ya kisima. Wiki nzima. Halafu mchana simu ikaja kutoka Lorugum, dada yake Ata ameanguka na kuvunjika nyonga. Ata hakutaka kutuacha. Nilimsukuma aende. Nikamwambia kwamba jirani yetu Selina ataniletea maji, nitaweza.

Ukweli ni kwamba nilitaka aende. Nilimtaka mtoto wangu peke yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Tumeshinda mkekani. Nikizungusha cherehani anacheka, nikisimamisha anangoja. Sare tatu tu zimetoka. Sijali.

Alhamisi, 13 Machi

Niko hospitali. Akiru amelala.

Jana saa sita mchana aliwaka moto. Akakataa ziwa. Akatapika. Kisha akawa ananitazama bila kuniona. Nilimwita Selina mpaka sauti ikakatika. Alikuwa sokoni. Nikampigia yule mtu wa bodaboda anayenibebaga. Simu imezimwa.

Kutoka mlango wetu hadi barabarani ni mchanga mtupu, kama uwanja wa mpira na nusu. Nilimfunga kifuani kwa leso. Magongo nikayaacha ndani, kwa sababu nikianguka nayo namwangukia yeye. Nikakaa chini. Nikaanza kujivuta kwa makalio. Mikono nyuma, mwili unafuata. Mikono nyuma, mwili unafuata. Mchanga wa saa sita unachoma. Miiba ya mti wa mathenge imo humo. Nilikuwa nikimsemesha Akiru njia nzima, sijui nilisema nini.

Barabarani mzee mmoja mwenye pikapu ya kuni alisimama. Alitunyanyua wote wawili, akatuweka mbele. Alikuwa akirudia tu, "Ejok, mama, ejok," yaani ni sawa, kama mtu anayembembeleza mtoto. Nadhani alikuwa ananibembeleza mimi.

Malaria. Daktari anasema nimemwahisha. Wauguzi wanafunga viganja vyangu na kuniita shujaa. Sitaki. Nina hasira. Mtoto mwenye homa hapaswi kungoja mama yake ajivute mchangani.

Na ni mimi niliyemfukuza Ata.

Jumamosi, 15 Machi

Homa imeshuka. Tuko nyumbani.

Ewoi amefika asubuhi kwa lori la samaki, ananuka ziwa. Aliona michirizi yangu ya kujivuta bado iko uani, kutoka mlangoni hadi barabarani. Akasimama pale. Kisha akaingia ndani, akalia. Sijawahi kumwona akilia. Akasema anakwenda sasa hivi kununua kile cha waridi, chochote, bora kiwe na magurudumu. Nikamkatalia. Nilimwambia tunakwenda Kakuma.

Ata naye amerudi. Nilimngoja aseme neno. Alifungua bandeji zangu, akapaka mafuta ya mbuzi polepole, kidole kwa kidole.

"Nilikuacha," akasema.

"Nilikufukuza, Mama. Nilitaka kuwa naye peke yangu."

Nimelisema. Alimalizia kidole cha mwisho. Kisha akasema kwamba hata yeye, Ewoi alipokuwa mchanga, alimkimbia mama mkwe wake siku tatu, akajificha na mtoto kwa shangazi yake. Akacheka mpaka akakohoa.

Jumanne, 18 Machi

Kakuma. Mimi, Ata na Akiru. Ewoi kazini.

Fundi anaitwa Kasongo. Banda la mabati, vyuma kila mahali, redio inaongea Kifaransa. Jirani yake ni duka la Wasomali, wakatuletea viti na chai kabla hatujaomba. Nilianza kumweleza kigari ninachotaka. Akanikatiza.

"Mama, kwanza utembee. Nikuone namna unatembeaka."

Nikatembea. Akaniambia nirudi. Akaniambia nisimame bila gongo moja. Akapima kutoka nyonga yangu hadi chini, akashika mikono yangu, akaona vidonda. Watu wamenipima mguu maisha yangu yote. Huyu ndiye wa kwanza kupima mikono.

Alikuwa na vigari viwili vya kuonyesha. Kimoja cha mitumba, kizuri, springi laini, mpini unakunjwa. Kingine alichomwundia mama mmoja wa kambini kwa magurudumu ya toroli. Cha mitumba ni chepesi, lakini nikiegemea kinakimbia. Cha toroli hakipinduki, lakini Akiru angekaa juu kama mzigo wa mkaa, na mimi ningekisukuma mara moja nikalala siku mbili.

Nilikaa na chai yangu nikiwaza. Macho yalikuwa yanarudi kwa kile cha mitumba. Kizuri. Ningepita nacho mjini, watu wangegeuka. Kisha nikasema hapana kwa vyote viwili. Nikamwambia nataka mtoto akae chini, katikati ya magurudumu, ili uzito wangu ukishuka kwenye mpini ushuke palepale alipo yeye. Kasongo alinitazama, akachukua chaki, akachora chini. Nikafuta, nikachora tena. Magurudumu ya baiskeli za watoto. Matairi ya mpira mtupu bila upepo, kwa sababu ya mathenge. Breki inayojifunga yenyewe mikono ikiachia. Mahali pa kuchomeka magongo.

Bei tulielewana. Mshono wa kiti na mikanda nimesema nitafanya mwenyewe.

Njiani kurudi ndipo Ata alipouliza kama chuma hakitamchoma mtoto kwenye jua.

Jumatatu, 24 Machi

Nashona mikanda kwa kitambaa cha sare, kile kigumu cha kaptura. Mshono mara tatu kila mahali. Nimening'iniza ndoo ya maji kwenye mkanda mmoja tangu asubuhi. Umeshika.

Ata analainisha ngozi ya mbuzi uani. Anasema ni ya kulalia tu. Lakini alikuja kuchukua futi yangu ya kupimia.

Jumamosi, 29 Machi

Ewoi amekileta. Kizito, kibaya, rangi ya kijani ya mlango wa duka. Nimekitazama nikaona ni changu.

Asubuhi nzima tulijaribu na mfuko wa mchanga. Uani sawa. Kwenye mchanga mzito sawa, ila polepole. Kwenye mteremko niliachia mpini kwa makusudi, kikasimama. Nikaachia tena. Nikaachia mara kumi. Ewoi akasema, "Mama Akiru, sasa inatosha." Nikaachia mara ya kumi na moja.

Kisha akautoa mfuko, akamweka Akiru kwenye ngozi ya Ata. Nikafunga mikanda. Nikashindwa kuondoka. Niliogopa sana, zaidi ya siku ile ya homa, kwa sababu siku ile hapakuwa na la kuchagua. Ewoi na Ata walisimama mbali. Hakuna aliyeniambia twende.

Akiru alipiga kelele kwa kuchoka kungoja. Nikavuta mguu. Kikaenda. Mpini ukanibeba vizuri kuliko magongo.

Tulifika barabarani, tukageuka. Nguo zimeloa jasho. Ata alikuwa amejifunika uso kwa leso.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua imenyesha alfajiri, kidogo. Mchanga umeshikana.

Baada ya chai tulitoka, mimi na Akiru. Ata aliuliza tunakwenda wapi, nikamwambia hatuendi popote. Akarudi kwenye maharage yake.

Tumepita njia ya mtoni, upande wa miti ya mikoma. Sikuwa na haraka. Nimegundua kwamba akiwa mbele yangu namwona anachokitazama. Alitazama mbuzi. Alitazama mwanamke mwenye mtungi, akageuza shingo mpaka alipopotea. Sikuwahi kujua kwamba anapenda hivyo kuwatazama watu.

Kwenye kivuli niliachia mpini, nikakaa juu ya gogo. Alikuwa ameshalala. Nzi mmoja alitua mguuni kwake, nikamfukuza. Tukakaa hapo.