Madam Priscah na Injini Iliyopotea Sori

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Lorine Awuor Omolo. Umri: miaka 38. Kazi: mfanyabiashara wa omena, dagaa wa ziwani. Makazi: Sori, Nyatike. Yamechukuliwa kituo cha polisi cha Mbita tarehe 13 Machi 2025, saa tisa na dakika ishirini alasiri.

Mimi ni mjane. Nina boti moja na injini yake ya nguvu ya farasi kumi na tano. Kila jioni injini hufungwa ufuoni kwa mnyororo na kufuli. Ufunguo hukaa na kaka yangu Nicanor, ambaye ni mlinzi wa ufuo.

Mnamo Jumatatu tarehe 3 Machi, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuta injini haipo. Jirani yangu Frankline Odoyo alikuwa amefika kabla yangu. Boti yake hukaa kando ya yangu. Alikuwa akionyesha watu kufuli: ilikuwa wazi, haijavunjwa. Alisema imefunguliwa kwa ufunguo. Mwenye ufunguo ni Nicanor peke yake, kwa hivyo alikamatwa siku hiyo hiyo. Mama yetu hajatoka nyumbani tangu siku hiyo, hata kanisani hajaenda.

Alhamisi tarehe 6 nilienda Migori kwa Madam Priscah Nyasuguta. Watu wa huku wanamfahamu. Kwa miaka kumi na tisa alipima mawe ya dhahabu katika migodi ya Nyatike, wakati ambapo gunia likiibwa hakukuwa na wa kulifuata. Yeye alilifuata kwa miguu, akiangalia udongo kwenye viatu vya watu. Baadaye alifungua ofisi ya upelelezi wa kibinafsi, na kabla yake hatukuwa tumeona ofisi kama hiyo Migori. Walimcheka, wakasema ni mama wa kuchunguza waume za watu. Sasa ana miaka 61 na bado anatembea kunishinda.

Alinisikiliza bila kuandika. Kisha akauliza kama kuna mtu aliyejaribu ufunguo wa Nicanor kwenye ile kufuli. Nilisema sijui. Tulienda kumuuliza afisa mwenye kesi, naye akatoa vyote viwili, vilikuwa vielelezo. Ufunguo uliingia nusu, ukakataa kuzunguka. Afisa akajaribu mwenyewe mara tatu.

Madam Priscah akasema, "Hii si kufuli yao. Ya kwanza ilikatwa, hii ikaning'inizwa ili mlinzi alaumiwe."

Afisa akasema Nicanor hatatoka mpaka injini ipatikane. Nilitaka kupiga kelele palepale. Alinishika mkono, akaniuliza ni kitu gani cha injini ambacho mwizi hakupata. Nikakumbuka paipu ya mafuta. Huwa ninaibeba nyumbani pamoja na tangi, na bila hiyo injini haiwaki.

Tangu siku hiyo tulizunguka maduka ya vipuri, Sori, Karungu, Homa Bay, tukiuliza nani ametafuta paipu tu, bila tangi. Jana tarehe 12, hapa Mbita, muuzaji aitwaye Roselyn alisema yuko mtu aliyekuja na picha ya injini kwenye simu. Paipu ya aina hiyo haikuwepo, akaambiwa arudi leo asubuhi. Madam Priscah alikuja moja kwa moja kituoni hapa kutoa habari.

Leo saa nne nilikuwa nyuma ya rafu za duka, nimejifunika leso. Madam Priscah aliketi mbele akichambua njugu kama mteja anayengoja. Saa nne na dakika arobaini mtu aliingia, akauliza kama paipu imefika. Sikumwona uso, lakini sauti niliijua. Nimeisikia kila asubuhi kwa miaka sita. Niliuma leso.

Alilipa, akatoka. Tulimfuata kwa gari pamoja na maafisa wawili waliokuwa wakingoja nje, tukavuka daraja hadi boma moja kisiwani Rusinga. Tulimkuta katika jiko lisilotumika, akiunganisha paipu na injini. Namba ya injini hiyo na ile ya karatasi zangu za kununulia ni moja.

Frankline aliniona maafisa walipomkamata. Akasema, "Shemeji, nilitaka kukuambia."

Nilimjibu, "Mwambie Nicanor."

Ninaomba kaka yangu aachiliwe. Mama hajapigiwa simu. Nataka habari hii aisikie kwa sauti ya Nicanor mwenyewe.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Nimesomewa, ni sahihi, na sina la kuondoa.

Sahihi: L. A. Omolo

Maandishi ya afisa: Mimi Konstebo Irine Obare nimeyaandika maelezo haya kwa Kiswahili na kumsomea shahidi kwa Dholuo, akakubali na kutia sahihi mbele yangu. Afisa mwenye kesi ya Nicanor amepigiwa simu saa kumi kamili. Shahidi alipewa kiti mara mbili. Ametoa maelezo yote akiwa amesimama.