Nani Alimlakinia Badawi

India, 4 Machi 1988

Kwa shemeji yangu Mishi, Timbwani, Likoni.

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima pamoja na Mwanasiti na Jaffar. Sisi huku tunaendelea, ila mumeo ni yule yule unayemjua. Daktari akimuuliza anaumwa wapi, anasema haumwi. Nesi anacheka na kumwandikia dawa.

Mji ni mdogo, hospitali ni kubwa kuliko mji. Wanasema mlango mmoja wa moyo wake umechoka, utatolewa na kutiwa mwingine, lakini kwanza apate nguvu. Huenda ikawa mwisho wa mwezi huu. Kazi yangu ni kumwogesha, kumlisha, na kumsomea magazeti tuliyofungia viatu.

Jumapili Kaka alinifukuza. Aliniambia, "Hebu nenda ukatembee, unanitazama kama unanipima sanda." Dereva mmoja, Selvam, alinipeleka mimi na wageni wengine hadi Mahabalipuram, huko pwani. Kuna hekalu la mawe ukingoni kabisa mwa maji, na chumvi imekula nyuso za masanamu mpaka hujui nani alikuwa nani. Kuna na jiwe la duara kubwa kama nyumba, limekaa kwenye mteremko na haliviringiki. Watu wanalisukuma kwa mabega. Nami nililisukuma. Sikwenda kuabudu, shemeji, nilitazama tu. Nilipomsimulia Kaka alitaka kujua jiwe lina rangi gani, na kesho yake akaniuliza tena.

Anakusalimu. Anasema mikate ya mofa isiuzwe ikiwa baridi.

Wako shemeji,
Abdillahi


Timbwani, 19 Machi 1988

Kwa shemeji Abdillahi.

Waalaykum salaam. Barua yako niliipata jana. Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili watoto wasikie. Mimi sijambo, Mwanasiti ana mafua, na Jaffar haachi kuuliza lile jiwe likiviringika litampondaponda nani.

Nashukuru kwa unavyomtazama kaka yako. Yako mambo hatakuambia, kwa hivyo nakuambia mimi. Alasiri ndiyo saa yake mbaya. Pumzi humpungua, akageukia ukutani ili asionekane. Hapo msugue mgongo kwa mafuta ya nazi, chini ya bega la kushoto, na usimuulize kitu. Chai yake ipoe kwanza. Akiletewa mkate ataugonga kwa kidole na kuusikiliza. Ametia mikate tanurini tangu ujana wake, wasimdhanie ana wazimu.

Na lile nililokuambia kivukoni tulipoagana, naliandika hapa lisipotee. Mungu amponye. Lakini amri yake ikija, kuwe na mtu wa kumlakinia. Amtamkie shahada sikioni, polepole, naye aifuate, asiondoke duniani huku akisikia lugha asiyoijua. Yeye ndiye aliyemlakinia baba yenu, unakumbuka, wewe ulikuwa mlangoni ukilia. Ningekuja mwenyewe, ila watoto hawana wa kuwashika. Ndiyo maana nikakuomba wewe, kwa kuwa wewe ni damu yake.

Kutembea sikukatazi. Ila uwe umerudi kabla ya alasiri.

Shemeji yako,
Mishi


India, 23 Machi 1988

Kwa shemeji yangu Mishi.

Assalaam alaykum. Telegramu itakuwa imekwisha kukufikia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kaka alitutoka Jumapili tarehe 20, baada ya alasiri, kabla zamu yake ya kupasuliwa haijafika. Moyo ulisimama. Madaktari walijitahidi, sina la kuwalaumu. Watu wa msikiti wa hapa walimwosha, wakamkafini, wakamsalia, wakamzika siku ile ile kabla ya magharibi. Kila kitu kilifanywa inavyotakiwa. Usiwe na shaka.

Nasikia uchungu kuwa sipo kwenye tanga. Tiketi yangu ni ya mwezi wa saba na wamekataa kuibadilisha. Selvam anasema nikikaa chumbani peke yangu nitaota ukungu. Ameshanionyesha maporomoko ya Hogenakkal. Maji yanaanguka kati ya miamba kila upande, nawe unapita chini yake katika mtumbwi wa duara kama ungo, unaozunguka mpaka kichwa kinalewa. Kando ya maji wanaume wanakandwa kwa mafuta, na samaki wanakaangwa papo hapo. Nilimkumbuka Kaka sana.

Subiri, shemeji. Sote ni wa njia hiyo.

Wako shemeji,
Abdillahi


Timbwani, 9 Aprili 1988

Kwa shemeji Abdillahi.

Waalaykum salaam. Sisi tuko hai, na kwa hilo tunashukuru. Nimekaa eda katika chumba cha uani. Khitma imesomwa, ami yenu Khatibu aliisimamia, na watu walikuja hata kutoka Bamburi, wale waliokuwa wakinunua mkate kwake alfajiri kabla ya kwenda kazini. Kofia yake ya nyumbani iko msumarini. Mwanasiti alitaka kuifua nikamwambia aiache.

Sijui kama ulipata barua yangu ya tarehe 19. Niliiandika siku moja kabla. Nikiifikiria naona kama nilikuwa nampigia hodi mtu aliyekwisha kutoka.

Nakuuliza jambo moja. Nani alimlakinia? Ulikuwa wewe? Aliifuata shahada? Alisema nini kabla ya hapo? Wanawake wanaokuja kunihani wananiuliza, nami nawaambia shemeji ataandika. Kila nikifumba macho namwona amegeukia ukutani.

Maporomoko nimeyasoma. Hili ndilo nataka unijibu.

Shemeji yako,
Mishi


India, 2 Mei 1988

Kwa shemeji yangu Mishi.

Assalaam alaykum. Ramadhani karim kwako na kwa watoto. Mimi mzima, nimekonda kidogo, jua la huku halina huruma.

Usijitese kwa maswali. Kaka aliondoka kwa amani, na mtu mwema haogopewi. Ukilia sana unamzuilia.

Nimekwenda Madurai kwa treni. Wallahi, sijaona mfano wake. Malango ya hekalu ni marefu kuliko mnara wowote wa kwetu, na yamejaa masanamu ya rangi kutoka chini hadi juu, miungu, farasi, majitu yenye meno. Ndani kuna ukumbi wa nguzo, wanasema ni elfu moja kasoro chache, na ziko nguzo za mawe ukizigonga zinatoa sauti kama za ala. Viatu unamwachia mama mmoja mlangoni, kisha unatembea peku juu ya mawe ya moto huku unarukaruka. Ndovu wa hekalu anakugusa kichwani kwa mkonga. Kutoka huko nilipanda milima ya Kodaikanal, ambako mawingu yanaingia dirishani. Nimeweka picha moja, mimi ni huyo mwenye sweta. Saumu nitalipa, msafiri ana ruhusa.

Ami Khatibu ameniandikia. Anasema watoto wa Badawi wasitoke nje ya nyumba yetu, na eda yako ikimalizika ni vyema mimi na wewe tukasitiriana kwa ndoa. Sina haraka. Nakuachia ulifikirie.

Wako shemeji,
Abdillahi


Timbwani, 18 Mei 1988

Kwa shemeji Abdillahi.

Waalaykum salaam. Idd ilikuwa jana. Watoto wamevaa nguo za mwaka jana na hawakulalamika.

Picha imefika. Jaffar aliitazama akaniuliza, "Ami Abdillahi anacheka nini?" Nikamwambia alikuwa na baridi, watu wenye baridi huonyesha meno.

Umezihesabu nguzo. Umenieleza zinavyolia zikigongwa. Mimi nilikuuliza nani alikuwa sikioni pa mume wangu. Hilo la Ami Khatibu sitalizungumza nikiwa na swali hili mdomoni. Wala sikuulizi unatembea kwa kitu gani, maana ile michango ya watu mliyosafiri nayo najua ilikuwa ya kazi gani.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mishi


India, 3 Juni 1988

Kwa shemeji yangu Mishi.

Assalaam alaykum. Kwa kuwa umeng'ang'ania, nakujibu. Nilikuwepo. Nilimlakinia mwenyewe, akaifuata shahada yote, mkono wake ulikuwa katika mkono wangu. Sikutaka kuandika kwa sababu naumia nikikumbuka. Sasa moyo wako utulie.

Inshallah mwezi wa saba nitafika, na hayo mengine tutayazungumza kwa utu.

Wako shemeji,
Abdillahi


Timbwani, 18 Juni 1988

Kwa Abdillahi.

Waalaykum salaam. Barua yako ilifika jana asubuhi. Niliilaza kifuani nikalala usingizi mzuri wa mchana, wa kwanza tangu Machi. Nakuambia hili ili ujue uliponifikisha.

Baada ya alasiri nilibishiwa hodi na mgeni, Bi Alawiya wa Jomvu Kuu. Simjui, wala yeye hanijui. Alikuwa hospitali hiyo hiyo na binti yake, chumba cha jirani, na wamerudi wiki hii. Alipoketi tu alisema, "Mama, mimi ndiye niliyekuwa na mumeo. Nisingelala kama sikuja kukwambia."

Alisema nesi alikwenda kumwita, kwa kuwa mgonjwa alikuwa anasema na hakuna anayemwelewa. Alimkuta amegeukia ukutani. Badawi aliposikia Kiswahili aligeuka, akamuuliza, "Wewe wa wapi, mama?" Akamjibu wa Jomvu. Akasema, "Jomvu napajua, wanapenda mkate uliobabuka." Kisha akauliza ndugu yake yuko wapi. Bi Alawiya akamwambia amekwenda na gari tangu jana, kutazama maporomoko. Badawi akasema, "Mwache atembee. Tangu azaliwe hajavuka Mariakani." Halafu akamwomba, "Akirudi msimwambie neno." Bi Alawiya alisimama upande wa kichwani, akamtamkia shahada, naye akaifuata mpaka mwisho. Watu wa msikiti wakamchukua. Yeye ni mwanamke, hakwenda makaburini. Wewe ulirudi Jumatatu.

Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika ya siku. Alisema, "Mama, mtu hasahau siku ambayo amefumba macho ya mwanamume asiye wake."

Badawi amekusamehe, na alikusamehe ungali unakula samaki. Hilo ni lake. Mimi ningeweza kulifuata. Ungeniandikia Machi kwamba hukuwepo, ningelia, ningekutukana mbele ya ukuta huu, kisha ningenyamaza, na watoto wasingejua. Lakini umeniandikia mkono wake ulikuwa katika mkono wako. Umemtoa Bi Alawiya kitandani pale ukakaa wewe, na ukataka kunioa kwa hilo.

Ami Khatibu nimekwisha kumpelekea jibu. Ukifika Likoni utakaa kwake. Wasimulie milima yako, watakusikiliza, unajua kusimulia.

Nina haja moja tu iliyobaki kwako. Kabla hujapanda ndege, nenda kaburini kwake. Litazame kama ulivyolitazama lile jiwe la duara. Niandikie lango la makaburini lina rangi gani, kuna mti gani karibu, ukiingia anakuwa mkono upi. Mimi sitafika huko maisha yangu yote. Nataka niwe najua nimwelekee wapi.

Mjane wa kaka yako,
Mishi


India, 4 Julai 1988

Kwa shemeji Mishi.

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata, na leo asubuhi nimekwenda.

Lango ni la chuma, lilikuwa la kijani. Ndani kuna mwarobaini mmoja mkubwa, na mbuzi. Mlinzi aliniuliza marehemu alizikwa lini. Nikamtajia. Akaniuliza kama nilikuwepo, ili nimwonyeshe. Nikamwambia hapana. Akanipeleka upande wa kulia, nyuma ya mwarobaini, akasema wale wageni wa hospitali waliozikwa mwezi ule wako hapo, watatu, na hakuna aliyekuja kuwawekea alama. Mvua imeyalaza makaburi, yamekuwa sawasawa.

Nilisimama mbele ya la kwanza nikasoma Fatiha. Kisha la pili. Kisha la tatu.

Abdillahi