Vigingi Chini ya Kitanda

Jumatatu, 7 Aprili 2025
Wamekuja tena! Watu wa miti. Sita, gambuti mpya, kofia za bure. Wameungana na kikundi cha hapa Tassia, eti watarudisha njia ya wanyama kando ya mto. Wanyama! Hapa nimekaa miaka kumi na mmoja, na mnyama pekee niliyemwona ni panya.
Nilisimama katikati ya mboga zangu za mrenda, shambani kwangu kando ya mto, nikawaangalia. Phares, mwenyekiti wa kikundi, akanipungia mkono kama tunaenda arusi. Sikupunga.
Na kinachoniuma — Ayuma wangu ndiye katibu wao. Mtoto niliyemsomesha kwa mboga za shamba hilohilo!

Jumatano, 9 Aprili
Vigingi. Vya mbao, vyeupe, kumi na viwili. Vinne viko ndani ya shamba langu, kimoja kwenye mboga za managu kabisa!
Nikamuuliza Ayuma. Eti vinaonyesha ardhi ya mto inaishia wapi, na ndani yake hakuna atakayejenga. Mathe, relax, mboga zako zitabaki, miti itapandwa katikati tu.
Relax! Kule tulikokaa yeye akiwa darasa la tatu, vigingi vilikuja Jumatatu, tingatinga Ijumaa. Sufuria zangu nilizifukua kwenye tope. Na yeye alikuwepo, ameshika kibuyu cha maziwa. Wamempa kofia akasahau.

Jumamosi, 12 Aprili
Phares na mtu wa gari jeupe, vioo vyeusi. Wananyoosheana vidole pale kwenye vigingi. Wanacheka. Nilikuwa mbali, lakini walikuwa wanacheka. Nawajua watu wanaocheka hivyo.

Jumapili, 13 Aprili
Nimefanya.
Leo ni Jumapili ya Matawi. Nimeteremka mtoni mapema, kuna mtende mmoja pale chini. Mwanamke na panga, anakata matawi ya kanisa — nani atauliza? Ardhi imelowa, vigingi vinatoka kama karoti. Vyote! Mashimo nikayafukia kwa mguu, nikadondosha mbegu za kunde juu ya kila moja. Vigingi nikavifunga ndani ya matawi, kitita kichwani, huyo nikaenda.
Nikakutana na Phares na Biblia yake. Akauliza, Mama Ayuma, hayo matawi ni ya kanisa zima? Nikamjibu, Bwana asifiwe, mwenyekiti.
Viko chini ya kitanda. Kanisani niliimba hosana kuwashinda wote. Mungu anisamehe.

Jumatano, 16 Aprili
Kelele. Ayuma hakula. Anasema walipima wiki nzima, na wapimaji hawarudi mpaka mwezi wa sita. Nikaendelea kuchambua mboga. Phares alipita akaniangalia sana. Au ni mimi tu.

Jumanne, 22 Aprili
Wamesema ni Bwire!
Bwire wa ghorofa ya chini, anayeokota vyuma na mbao. Huniletea magunia ya samadi bila kuombwa. Wamepekua mkokoteni wake mbele ya watu, wakapata mbao mbili nyeupe za kitanda cha mtoto. Hizo ndizo ushahidi! Ameapa mpaka sauti ikakauka. Mwenye nyumba amesema hakai na mwizi, ahame mwisho wa mwezi. Ana watoto watatu.
Tulikutana kwa ngazi. Mama, mimi sikuchukua. Nikamwambia najua. Akanishukuru! Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.
Nina aibu. Nilitaka kusema. Nikapanda ngazi.

Alhamisi, 24 Aprili
Mabati. Lori zima, na vijana wa kuyapigilia. Ni yule wa gari jeupe. Wanazungushia ua mpaka kwenye maji, na shamba langu lote limo ndani.
Phares alikuwa mbele yao, shati limechanika, anapiga kelele peke yake. Kumbe siku ile hawakuwa wanacheka! Yule mtu alitaka vigingi visogezwe, Phares akakataa. Leo wamemwambia basi tuonyeshe mpaka, mzee. Akazunguka ameinama, anatafuta mashimo. Alikanyaga kunde zangu mara tatu.
Zimeota, zina majani mawili mawili. Kila mche uko juu ya shimo. Hakuna mwingine anayejua ila mimi.
Jioni Ayuma akaniambia kuna kamera. Kisanduku cha kijani, kimefungwa chini kwenye shina ili kiwapige picha wanyama wakipita. Kipo tangu mwanzo wa mwezi! Jumamosi wataonyesha picha ukumbi wa kanisa. Labda tutamwona mwizi, Mami. Alisema hivyo akiosha vyombo, mgongo kwangu.

Jumamosi, 26 Aprili
Ukumbi ulijaa. Shuka ukutani, saa nane kamili. Bwire alikaa nyuma kabisa na mke wake.
Nguchiro watatu, wanafuatana. Halafu kapaka ka madoadoa — kanu, Phares anasema — watu wakapiga makofi. Kanapita kando ya managu yangu! Miaka kumi na mmoja, na mimi nilisema ni panya. Machozi yakanitoka, sijui kwa nini.
Kisha ikaja ya tarehe kumi na tatu. Miguu tu, kamera iko chini. Gambuti nyekundu. Moja ina kiraka cha bluu, nilikibandika mwenyewe. Pembeni kigingi kimelala juu ya matawi.
Phares akasema tuone inayofuata —
Stima ikapotea, giza ukumbi mzima.
Afadhali! Watu wakapiga miluzi. Phares akasema subirini, itarudi, asitoke mtu. Nikatoka.
Naandika hapa dirishani. Ayuma amenifuata. Hajafoka. Amekaa sakafuni mlangoni, anakwangua tope kwenye kile kiraka kwa kucha. Ameniambia neno moja tu: Bwire bado ameketi pale, Mami, anangoja waone si yeye.
Nimevitoa chini ya kitanda. Kumi na viwili. Naogopa. Namwogopa Phares, naogopa kanisa, na zaidi namwogopa mke wa Bwire.
Ayuma anauliza kama nakumbuka kila kimoja kilikuwa wapi. Nimemwambia kunde. Afuate kunde. Akasema hapana, utatuonyesha wewe.
Kelele ghorofa zote — stima imerudi!
Ayuma amenisogezea gambuti.